Yanayosemwa Mbele ya Mgonjwa

Wewe unayetaka kuwa mkalimani wa simu, jambo la kwanza nitakalokwambia halimo katika mafunzo yoyote: zima kiyoyozi. Dokta aliye Amerika hasikii joto la Maskati, lakini mngurumo wa kiyoyozi anausikia, na atakuuliza kama unazungumza naye ukiwa ndani ya ndege. Kazi hii nimeifanya katika chumba cha ndani cha nyumba yetu Darsait, hapa Maskati, dirisha limefungwa, blanketi limetundikwa mlangoni, na mwezi wa Juni jasho likinichuruzika mpaka kwenye vile visikizio vya kichwani. Chini yetu ipo karakana ya kushona viti vya gari. Fundi wake ni mtu wa Bangladeshi, na hatuna lugha moja hata ya kuombana chumvi. Tulikubaliana kwa ishara: nikitundika kanga nyekundu roshani, asigonge nyundo. Ahadi hiyo aliitimiza kuliko watu wengi niliowahi kuahidiana nao kwa maneno.

Kazi yenyewe ni hii. Amerika wamo wagonjwa wasiojua ila Kiswahili. Wengi ni watu wa Kongo na Burundi waliopitia kambi za wakimbizi. Hospitali hulazimika kuwatafutia mtu wa kufasiri. Muuguzi hubonyeza kitufe kule, simu hulia Darsait. Husemi jina lako, unasema nambari yako. Kisha unakuwa mdomo wa watu wawili. Dokta akisema "mimi", na wewe unasema "mimi". Mgonjwa akisema "naogopa", unamwambia dokta "naogopa", wala si "anasema anaogopa". Mwanzoni utajiona mwendawazimu, kwa sababu unajiuliza swali na kujijibu mwenyewe. Mume wangu, Nassor, siku ya kwanza alifungua mlango polepole akaniuliza kama nipo na mtu.

Skuli niliiacha mapema kwa sababu ya harusi. Kiingereza nilikipata kwenye meza ya mapokezi ya kliniki moja Ghubra, na mwili wa binadamu nilijifunza kwa vitabu vya wauguzi vilivyokwishatumika, nikianzia kichwani nikishuka, kama mtu anayeoga. Nilipofika magotini ndipo Mama Atieno aliponiambia kwamba kuna kazi.

Mama Atieno ni muuguzi wa kliniki ile ile, mtu wa Kisumu, Kenya, na alikuwa akifanya ukalimani siku zake za mapumziko. Yeye ndiye mwalimu wangu. Alikuwa akikaa kando yangu akinisikiliza nikifanya mazoezi na simu za kweli, mikono ameikunja, na simu ikikatika ndipo ananigeukia. Mara moja dokta alimwambia mzee wa watu, "Kesho utatoka." Mimi nikamfasiria: kesho utatoka, inshallah.

"Dokta alisema inshallah?" Mama Atieno akaniuliza baadaye.

"Hakusema."

"Basi umeitoa wapi?"

"Mama Atieno, habari za kesho hazisemwi kavukavu hivyo."

"Huko kwenu. Ulisikia mzee akiambia watoto wake nini? Wasikuje, eti dokta mwenyewe hana uhakika. Sasa atakaa huko kitandani akingoja adabu zako ziishe."

Tulicheka, lakini somo liliingia. Sisi tuliolelewa na watu wa Unguja habari nzito hatuitupi mbele ya mtu. Tunaizungusha, tunaitilia pole, tunaipitishia mlango wa uani. Kwenye simu hiyo ni hatari. Usiongeze, usipunguze, usilainishe. Ikiwa hukusikia vizuri, unasema, "Mkalimani anaomba arudiwe." Hapo tu ndipo unapojitaja, na unajitaja kama mtu mwingine.

Wagonjwa nao wana mitihani yao. Bibi mmoja hakukubali kuulizwa jambo lolote kabla ya kunisalimia. Akaniuliza hali yangu, ya mume wangu, ya watoto, ya mifugo kama ninayo. Nami kanuni inanitaka nimfasirie dokta yote hayo. Dokta alisikiliza habari za mifugo, akaniuliza kwa upole, "Tumeshaanza?" Mzee mwingine aliulizwa maumivu yake yana nambari gani, tangu sifuri hadi kumi. Akasema, "Nyinyi watu mnaumwa kwa mizani?"

Na ipo kanuni moja ambayo Mama Atieno aliirudia mpaka nikaiota: kila kinachosemwa mbele ya mgonjwa, kinafasiriwa. Kila kitu. Wauguzi wawili wakizungumza juu ya kuku mkavu wa kantini, unamwambia mgonjwa kwamba kuku wa kantini ni mkavu. Mama mmoja alinijibu, "Wape pole." Mara nyingi utaambiwa, "Hilo halikuwa lake." Jibu lako ni moja: mkalimani hufasiri yote yanayosemwa mbele ya mgonjwa, la siri lisemewe nje. Sababu yake si ukaidi. Mgonjwa anayejua Kiingereza angelisikia kila neno, basi asiyekijua asifanywe kiti kilichowekwa chumbani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu, maana nyinyi vijana mnaniuliza Amerika ikoje, kana kwamba mimi nimefika. Sijafika. Nimeisikia tu, miaka mingi, ikizungumza kitandani.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa wa bima. Nilikuwa sijui kwamba dokta anaweza kusema mgonjwa huyu anahitaji kipimo fulani cha moyo, kisha akampigia simu mtu aliyekaa ofisini, asiyemjua mgonjwa wala hatamwona, na mtu huyo akasema hapana. Nilifasiri hapana hiyo kwa "mimi", kama kanuni inavyotaka. "Sikiidhinishi kipimo hiki." Mgonjwa akauliza, "Huyo aliyekataa ni dokta mkubwa zaidi?" Dokta wake akajibu, "Si dokta wako." Nilipomweleza Nassor, bila jina wala mji, alicheka. Nassor alifanya kazi wizarani mpaka akastaafu, na hana huruma na nchi zinazofundisha wengine.

"Hao ndio wanaotuletea ripoti za haki za watu," alisema. "Wenyewe wanaomba ruhusa ya kuumwa."

"Usicheke nyumba ya mtu ikivuja," nikamwambia. "Hujui yako itavuja lini."

Mshtuko wa pili ndio huu.

Msimamo wangu niuweke wazi, maana msomaji ana haki ya kujua anazungumza na nani. Mimi ni Mwislamu, na sijaamini hata siku moja kwamba mimba ni kitu cha kutupwa. Sheria za hapa kwetu nazo si legevu katika jambo hili. Kwa hiyo niliposikia kwamba mahakama kuu ya Amerika imeyaachia majimbo yaamue yenyewe juu ya kutoa mimba, na kwamba mengi yamekataza, sikushtuka. Mama Atieno, ambaye kanisani anakwenda kila Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko hapa, alifurahi waziwazi. Nassor alisema wamepata akili wakiwa wamechelewa. Sote watatu tulikuwa tukinywa chai na kukubaliana juu ya kitu ambacho hatujakiona umbo lake.

Umbo lake nilionyeshwa asubuhi moja. Kwetu asubuhi, kwao usiku ulikuwa bado. Nimebadilisha kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa, na jina la Neema nimempa mimi. Jimbo sitalitaja.

Dokta alikuwa mwanamke, kijana kwa sauti. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa Kongo mwenye watoto nyumbani, na mimba hii aliitaka. Alikuwa ameshaichagulia jina. Mumewe alikuwa pembeni yake. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka mapema mno, mtoto akiwa hajafika popote pa kuweza kuishi nje.

Nilifasiri: "Maji yote yamekwisha. Mimba hii haitaweza kufika. Nasikitika sana. Mtoto hataishi."

Neema alilia kidogo, kisha akajikaza. Watu waliokwishapita mengi hulia hivyo, kwa kipimo. Akauliza, "Sasa munanisaidia namna gani?"

"Kwa kawaida tungekusaidia mimba itoke, kabla maradhi hayajaingia kwenye kizazi. Lakini moyo wa mtoto bado unapiga. Sheria ya jimbo letu hainiruhusu nifanye hivyo moyo ukiwa unapiga, mpaka maisha yako yawe hatarini."

"Na sasa hayako hatarini?"

Dokta akajibu. Nilisikia vizuri, lakini sikuamini masikio yangu, nikasema, "Mkalimani anaomba daktari arudie." Akarudia, polepole zaidi, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Nikafasiri:

"Bado hujawa mgonjwa vya kutosha."

Nataka uelewe kilichotokea mdomoni mwangu. Sikusema kwamba dokta anasema hivyo. Nimesema mimi, kwa Kiswahili changu, kwa sauti yangu ambayo watoto wangu walibembelezwa nayo. Neema akanisemesha mimi, si dokta.

"Mama, weye unasema Kiswahili safi cha pwani. Niambie kweli. Ndivyo amesema, ao umekosea?"

Kanuni hainiruhusu kumjibu. Nikamfasiria dokta swali hilo lote, pamoja na sifa ya Kiswahili changu. Dokta akasema, "Mkalimani hakukosea." Nikasema, "Mkalimani hakukosea," halafu nikatambua kwamba nimejisafisha kwa maneno ya mtu mwingine, na hayakunisafisha.

"Basi munangojea nini?" Neema akauliza. "Munangoja nipate homa?"

"Ndiyo," dokta akasema. "Homa, au damu nyingi, au moyo usimame."

Mume wake hapo akasema neno lake la kwanza. "Kwetu tulikimbia watu wenye bunduki. Hawa wana hospitali."

Nililifasiri.

Dokta akaunganisha simu nyingine. Ilikuwa sauti ya mwanamume, mwanasheria wa hospitali, na niliisikia imetoka usingizini. Dokta alimweleza. Yule bwana akauliza joto la mwili, akaambiwa. Akasema, "Basi mruhusuni aende nyumbani ajipime joto. Likipanda, arudi." Nami nikafasiri neno kwa neno. Akasikia Kiswahili changu, akauliza, "Nani huyo anayezungumza?"

"Mkalimani," dokta akasema.

"Lazima afasiri na haya?"

"Hufasiri yote yanayosemwa mbele ya mgonjwa," dokta akasema. "Ndiyo kanuni yao."

Mwanasheria alikohoa, akarudia maneno yake kwa namna iliyopambwa zaidi, akakata. Nikadhani mambo yamekwisha. Na hapa, kijana, sikiliza vizuri, kwa sababu katika miaka yangu yote sikupata kuona ujuzi kama huu.

Dokta alimgeukia muuguzi. Nilijua amegeuka kwa sababu sauti ilisogea mbali na simu, kisha, badala ya kushuka kama sauti ya mtu anayemnong'oneza mwenzake, ikapanda. Akamwambia muuguzi, kwa jina lake:

"Huyu angekuwa dada yangu, nisingemrudisha nyumbani."

Akanyamaza.

Nikafasiri. Na nilipokuwa nafasiri nikatambua: ananingoja. Mtu anayezungumza na mwenzake hakati maneno yake vipande vipande. Nilipomaliza tu, akaendelea.

"Ningemtia garini sasa hivi."

Akangoja. Nikafasiri.

"Ningevuka kwenda jimbo la jirani, kwa barabara kuu, mpaka mji wa kwanza mkubwa. Hospitali ya mji ule ina mlango wa dharura uliofunguliwa usiku kucha. Sheria yao si hii yetu."

Akangoja. Nikafasiri, na sauti yangu ilikuwa imara.

"Ningemwambia asilale kwanza. Akisikia baridi ya ghafla mwilini, njiani asisimame kwa lolote."

Muuguzi, ambaye mpaka hapo hajasema kitu, alijibu, "Ndiyo, dokta. Mimi pia kwa dada yangu ningefanya hivyo." Alingoja na yeye.

Halafu dokta akarudi kwenye simu, akasema kwa ile sauti yake ya mwanzo, iliyonyooka kama karatasi, "Mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani na kujipima joto. Ana swali?"

Mumewe ndiye aliyejibu. "Hapana, dokta. Tumesikia."

"Asante, mkalimani," dokta akasema. "Hayo ndiyo yote." Simu ikakatika.

Nitakwambia nilivyoielewa. Dokta yule aliogopa, au alikatazwa, kumwambia mgonjwa wake nenda mahali fulani ukatibiwe. Lakini hakuna aliyemkataza kuzungumza na muuguzi juu ya dada yake. Alikuwa ameikariri kanuni yetu, akaitumia kama ngazi. Na mimi nilikuwa ngazi yenyewe. Sikuongeza, sikupunguza. Ningelinyamaza mara moja tu kwa woga, au ningelainisha neno moja kwa adabu za kwetu, Neema angelikwenda nyumbani kujipima joto.

Niliitundua kanga. Fundi wa chini akaanza kugonga, na nikashukuru kusikia kelele.

Adhuhuri nilikwenda kliniki, Ghubra. Mama Atieno alikuwa kwenye kile chumba kidogo cha wauguzi, viatu amevua, anakula. Nilimweleza bila jina, bila jimbo, kama tunavyoruhusiana sisi wawili ili tusipasuke. Nilitazamia anibishie. Hakubisha. Alifunika chakula chake.

"Zuwena, maji yamevunjika?"

"Yamekwisha."

"Na mtoto hawezi kaa?"

"Hawezi."

"Na wanangoja aoze ndio watibu?"

Akakisogeza chakula kando, akasema, "Mimi nilifanya kazi hospitali ya misheni, chini ya Sista mmoja mkali sana. Mtu wa kutoa mimba hangepita hata langoni kwake. Mama kama huyo akiletwa, Sista alikuwa analia, anaomba, anabatiza, na anamtibu. Siku hiyo hiyo. Hakuna mtu aliwahi kumwambia hiyo ni kutoa mimba." Akanitazama. "Si mimi nilifurahia hiyo sheria?"

"Sote tulifurahi."

"Hapana. Wewe ulinyamaza. Mimi ndiye nilisema asante Mungu, na kikombe mkononi."

Mimi nilifundishwa na mama yangu kwamba mama ni shina na mimba ni tawi, na shina halitolewi kwa ajili ya tawi. Na hapa tawi lenyewe lilikuwa limeshakauka. Nilidhani jambo hilo dunia nzima inalijua, dini zote, kama inavyojulikana kwamba moto unaunguza. Kumbe linaweza kuandikwa upya na watu waliovaa tai, likapigiwa kura, na msichana aliyesoma udaktari akabaki anazungumza na ukuta ili mgonjwa asikie. Sikushtushwa na watu wanaoitetea mimba. Mimi mwenyewe naitetea. Nilishtuka kuona kwamba walioandika sheria hiyo hawakumuuliza mkunga hata mmoja.

Simu ya pili ilikuja baada ya Alasiri. Kwao kulikuwa kumekucha. Nilisema nambari yangu, nikasalimu. Sauti ya dokta ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, na nyuma yake mashine zinapiga kelele na watu wanatembea kwa haraka. Nikamsalimu mgonjwa.

"Mama," mgonjwa akasema, meno yakimgongana kwa baridi. "Ni weye?"

Waswahili wanaofasiri hospitali za Amerika ni wachache, na simu humwangukia aliye huru; kwa hiyo mambo kama haya hutokea. Lakini haturuhusiwi kusema kwamba tumewahi kumsikia fulani. Nikamfasiria dokta: "Mama, ni wewe?"

"Mnajuana?" dokta akauliza.

"Mkalimani hawezi kusema amewahi kumfasiria nani."

Nikamfasiria Neema jibu hilo pia. Akasema, "Sawa. Ni yeye," na akaacha kuuliza. Nalo nililifasiri.

Homa ilikuwa imempanda njiani. Mumewe alikuwa hakusimama kwa lolote. Dokta alizungumza kwa sentensi fupi, na sikuwahi kuzipenda sentensi za dokta kama nilivyozipenda hizo. Maradhi yameingia kwenye kizazi. Tunakwenda chumba cha upasuaji sasa. Tunakutoa mimba. Unaweza kuhitaji damu. Unakubali?

"Hamungojei?" Neema akauliza.

"Hatungojei. Wewe ndiye tunakungoja ukubali."

"Nakubali."

"Una swali lolote?"

Hapo nilidhani atauliza kama atakufa. Hivyo ndivyo wanavyouliza wengi. Neema akasema, "Bwana yangu ndiye amenileta. Sasa atarudi kule, watoto wako kwa jirani. Watamufunga?"

Nilifasiri. Zile mashine ziliendelea kupiga kelele. Dokta yule, ambaye mpaka hapo alikuwa na jibu la kila kitu, alivuta pumzi.

"Sidhani," akasema. Kisha, nafikiri kwa sababu alikuwa mtu mkweli, akajirekebisha. "Sijui."

Nikasema, "Sidhani." Nikasema, "Sijui." Yote mawili, kwa mpangilio wake.

Wakanibeba pamoja naye mpaka chumba cha upasuaji, yaani waliibeba simu. Dokta wa usingizi akamwomba aseme kitu chochote anachokipenda mpaka alale. Neema akaanza kutaja majina ya watoto wake. Majina hayafasiriwi, nikakaa kimya. Alipomaliza walio nyumbani akataja jina moja zaidi, lile alilokuwa amelichagua. Sauti ikafifia. Mtu akasema, "Asante, mkalimani," simu ikakatika.

Kazi hii haikupi mwisho wa hadithi. Hilo hukufundishwa mafunzoni, lakini ndilo litakalokukondesha. Unaingia katikati, unatoka katikati. Siku ile nilikaa kwenye simu mpaka zamu yangu ikapita, na nikaomba niongezewe, nikitumaini wodi ile itabonyeza kitufe na mimi ndiye nitakayekuwa huru. Nilipata mtu wa meno. Nilipata mwalimu wa skuli anayemlalamikia mzazi. Nassor alileta chakula akakiweka nje ya blanketi, na mara hii hakuwa na mzaha wowote juu ya Amerika.

Kesho yake Mama Atieno alikuja Darsait bila kunipigia kwanza. Alikuwa na siku ya mapumziko, na alikuwa ameshafanya simu zake za asubuhi. Alikaa jikoni, akaitazama chai akaiacha.

"Siwezi kukuambia kitu," alisema. "Unajua."

"Najua."

"Kwa hivyo naongea tu na hii sufuria yako."

Nikaacha nilichokuwa nafanya.

"Sufuria," Mama Atieno akasema, na akangoja kidogo, "leo kuna mgonjwa mahali fulani ameniomba nimwambie muuguzi kwamba ana njaa. Kwao usiku, wamemletea konfleksi, yale mahindi makavu ya boksi, kwenye maziwa baridi. Amekataa. Anataka uji wa moto, na uwe mzito, na wasiutie sukari nyingi."

Sikumuuliza ni nani. Niliketi kwenye kiti kilicho karibu. Mama Atieno aliendelea kuitazama sufuria.

"Wamemtafutia?" nikauliza.

"Muuguzi amekwenda kuutafuta mwenyewe. Wakati anangoja uji, mgonjwa akauliza swali lingine. Juu ya mumewe, kama ameshafika nyumbani, na kama yuko nyumbani peke yake, ama kuna watu wamemngojea."

"Wakamwambia nini?"

Mama Atieno alivuta chai yake karibu, akaizungushazungusha.

"Walimpa simu ampigie," akasema. "Iliita mpaka mwisho. Wakati tunakata laini, mgonjwa alikuwa anampigia tena."